Funguo za Maneno: Somo juu ya Mizizi ya Kiyunani na Kilatini

Soma kwanza Matendo ya Mitume 8:26–35.

Twajua sote habari ya yule towashi wa Kushi, aliyekuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake akisoma chuo cha nabii Isaya. Alikuwa mtu mwenye madaraka, mtunza hazina ya malkia wake. Kusoma alijua, na sauti yake ilisikika hata njiani. Walakini Filipo alipolikaribia gari hakumsifu kwa usomaji wake, bali alimwuliza kama anayafahamu ayasomayo. Naye hakuona haya kukiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza.

Habari hii ilitujia moyoni siku moja hapa Buswelu, baada ya darasa la kipaimara. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa na kitabu chake cha biolojia, nasi tukamwomba atusomee ukurasa mmoja. Alisoma vizuri bila kukwama. Hata neno refu "schistosomiasis" alilitamka lote. Tukamwuliza, "Mwanetu, ukurasa huu waeleza habari gani?" Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, sijui. Nimeyakariri tu."

Ukurasa ule, ndugu zetu, ulikuwa ukieleza kichocho. Ulieleza konokono wa majini abebaye vimelea, na jinsi vimelea vile vipenyavyo ngozi ya mtu aogaye au achotaye maji ziwani. Binti yule amekulia karibu na ziwa, na mdogo wake alipewa vidonge vya kichocho shuleni mwaka uliotangulia. Basi alikuwa akisoma habari ya maji ya kwao na damu ya ndugu yake, wala hakujua.

Kwa ajili ya binti yule na wenzake wengi tumeliandika somo hili. Tena halimhusu mwanafunzi peke yake. Mzazi asiyejua Kiingereza aweza kulitumia, na mwinjilisti apataye kitabu cha maelezo ya Biblia kwa Kiingereza atalihitaji sana.

1. Ugumu watoka wapi

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache. Mtoto amalizapo huvuka kuingia sekondari, na huko karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Ni kama mtu aliyezoea kuvua kwa mtumbwi karibu na ufuko, ambaye siku moja amejikuta kilindini usiku. Wengi hushika njia ya kukariri. Lakini mtihani ukibadili swali kidogo tu, yote waliyoyakariri huwatoka. Ndipo kijana hujiona kuwa hana akili, hukaa kimya darasani mwaka mzima, na wengine huacha shule kabisa. Si akili iliyopungua. Ni kwamba hakupewa ufunguo wa mlango.

Yafaa tujue kwamba Kiingereza kina maneno ya namna mbili. Namna ya kwanza ni maneno ya nyumbani, kama "water", "bread", "mother" na "house". Haya ni mafupi, na Waingereza waliyarithi kwa babu zao. Namna ya pili ni maneno ya shule, ya kanisa, ya hospitali na ya mahakama. Haya ni marefu, na mengi yalitoka ugenini. Mwaka 597 Agostino na watawa wenzake, waliotumwa kutoka Rumi, walifika Kent kuhubiri Injili. Wakaleta na Kilatini, lugha ya ibada na vitabu vyao. Mwaka 1066 Wanormani walitoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na Kifaransa chao kilikuwa mtoto wa Kilatini. Hata baadaye, wenye elimu walipovumbua mambo mapya, waliyatungia majina kwa vipande vya Kiyunani na Kilatini, nao wafanya hivyo mpaka leo.

Basi neno refu la kitabu cha shule si jabali moja kama majabali yetu ya Mwanza, ambayo mtu hawezi kuyasogeza. Ni ukuta wa mawe madogo yaliyopangwa. Ayajuaye mawe machache ataweza kuzisoma kuta nyingi.

2. Kazi hii tumeizoea

Mtu asidhani kwamba kuchambua neno ni elimu ya Wazungu tu. Sisi twaifanya tangu tulipobebwa mgongoni. Chukua kiini -som- cha Kiswahili. Kwacho twapata msomaji, somo, masomo, kisomo, usomaji, someka na somesha. Hapana aliyetukaririsha maneno hayo moja moja. Tulijua kiini, tukajua na kazi ya kila kipande kinachokitangulia au kukifuata. Vivyo hivyo katika Kisukuma: Basukuma ni watu, Busukuma ni nchi, Kisukuma ni lugha, shina ni moja, na maana yake ni upande wa kaskazini.

Neno la Kiingereza lililotoka Kilatini hujengwa vivyo hivyo. Lina kichwa, yaani kiambishi cha mwanzo; lina kiini, yaani mzizi; tena lina mkia, yaani kiambishi cha mwisho. Tazama mzizi "port", ambao kwa Kilatini maana yake ni kubeba. Kichwa "ex" ni nje, basi "export" ni kupeleka bidhaa nje. Kichwa "in" ni ndani, basi "import" ni kuleta ndani. Kichwa "trans" ni ng'ambo, basi "transport" ni kuchukua kitu kutoka huku hata ng'ambo. Kichwa "sub" ni chini, basi "support" ni kubeba kutoka chini, yaani kutegemeza. Mkia "able" ni kuwezekana, basi "portable" ni kitu kinachobebeka.

Labda mwanafunzi atauliza mbona "in" imegeuka "im", na "sub" imegeuka "sup". Mjibu kwamba ni kwa ajili ya wepesi wa ulimi, kama sisi tusemavyo mtoto, lakini mwalimu. M- imegeuka mw- ilipokutana na irabu. Jambo ni lile lile.

3. Funguo zilizomo katika Biblia

Imeandikwa katika Yohana 19:20 kwamba anwani iliyowekwa juu ya msalaba wa Bwana iliandikwa kwa Kiebrania, Kirumi na Kiyunani. Kirumi ndicho Kilatini. Basi lugha hizi mbili si ngeni kwetu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani, na mkristo aijuaye Biblia yake amekwisha kubeba funguo nyingi mfukoni bila kujua. Tuzitoe tuzitazame.

Luka aliandika Injili yake kwa ajili ya Theofilo. Jina hili ni vipande viwili: "theos", yaani Mungu, na "philos", yaani rafiki au apendaye. Kwa kipande cha kwanza twapata "theology", elimu ya habari za Mungu, na "atheist", mtu akanaye kuwako kwa Mungu, kwa maana "a" ya Kiyunani hukanusha. Kwa kipande cha pili twapata "philosophy", kupenda hekima. Tena twakiona katika Filadelfia, ule mji wa Ufunuo 3:7. "Adelphos" ni ndugu, basi ni upendo wa ndugu. Hata Filipo mwenyewe, aliyelikimbilia gari la yule Mkushi, jina lake maana yake ni apendaye farasi, kwa kuwa "hippos" ni farasi.

Ukiisha kujua "hippos", tazama Mesopotamia ya Matendo 2:9. "Mesos" ni katikati, "potamos" ni mto. Ni nchi iliyo katikati ya mito. Sasa unganisha farasi na mto, utapata "hippopotamus", farasi wa mtoni. Huyu ni kiboko wetu wa ziwani! Mtoto akifundishwa hivi hatalisahau neno lile, wala hatakosea herufi zake.

Dekapoli ya Marko 5:20 ni miji kumi, kwa maana "deka" ni kumi na "polis" ni mji. Kwa "deka" twapata "decade", miaka kumi. Na kwa "polis" twapata "politics", mambo ya kutawala mji, na "police", walinzi wa utaratibu wake. Pentekoste ni siku ya 50, na "pente" ni tano. Basi umbo la pembe tano katika hisabati huitwa "pentagon".

Vitabu vya Musa navyo vina funguo katika majina yake ya Kiingereza. Mwanzo ni "Genesis", na mzizi wake "gen" ni kuzaa au kuanza. Kwa huo twapata "gene" na "generation". Kutoka ni "Exodus": "ex" ni nje, "hodos" ni njia. Neno sinodi, lililotumika katika Kanisa tangu zamani, ni ndugu yake, kwa maana "syn" ni pamoja. Ni watu waliokwenda njia moja. Kumbukumbu la Torati ni "Deuteronomy", "deuteros" ni ya pili na "nomos" ni sheria. Kwa "nomos" twapata "economy", pamoja na "oikos" iliyo nyumba. Yaani kanuni ya kuendesha nyumba. Mama agawaye unga wa juma zima asije akaupungukia kabla ya Jumamosi anafanya kazi ya neno lile, ijapokuwa hajaenda shuleni.

Mwisho, Yohana 1:1. Neno ni "logos". Hilo ndilo lililo mkiani mwa majina ya masomo mengi: "biology", elimu ya uhai, kwa kuwa "bios" ni uhai; "geology", elimu ya ardhi; na mengineyo. Tena "hydor" ni maji, nayo katika maneno huwa "hydro". Hewa iitwayo "hydrogen" ni mzaa maji, kwa sababu ikiungua hutoa maji.

4. Funguo zilizomo kanisani na ziwani

Sasa tuje kwenye Kilatini. Imani tunayoikiri kila Jumapili huanza kwa Kilatini na neno "credo", maana yake naamini. Kwa "cred" Mwingereza asema "creed" kwa ungamo la imani, "credible" kwa jambo la kuaminika, na "credit" kwa mkopo, kwa sababu akopeshaye amemwamini akopaye. Mwenye duka aandikaye deni daftarini ajua vizuri jambo hili.

Mchungaji kwa Kilatini ni "pastor", na malisho kwa Kiingereza ni "pasture". Kundi la kondoo ni "grex", na katika maneno huwa "greg". "Con" ni pamoja. Basi usharika huitwa "congregation", kundi lililokusanyika. Na "se" ni kando. Basi "segregation" ni kulitenga kundi, hawa huku na hawa kule. Maneno haya mawili yana mzizi mmoja, na kazi zao zapingana. Mchungaji hana budi kujiuliza kila mwaka ni lipi alifanyalo.

Kibariki cha mwisho wa ibada huitwa "benediction": "bene" ni vema, "dict" ni kusema. Kwa "dict" twapata "dictionary", na "predict", kusema kabla, na "contradict", kusema kinyume. Maandiko huitwa "Scripture", na mzizi "scrib" au "script" ni kuandika. "Describe" ni kueleza kwa maneno. "Manuscript" ni maandiko ya mkono, kwa maana "manus" ni mkono. "Prescription" ni karatasi ya daktari, aliyoiandika kabla hujapewa dawa.

Hata ziwa letu lina jina la Kilatini. Mwenyeji aliita Nyanza, yaani ziwa. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona kwenye pwani hii ya kusini, akalipa jina la malkia wake Victoria. "Victoria" ni ushindi. Mzizi ni "vinc" au "vict", yaani kushinda: "victory" ni ushindi, "invincible" ni asiyeshindika, "convince" ni kumshinda mtu kwa hoja hata akubali.

5. Majina ya viumbe

Mwanafunzi wa biolojia hukutana na majina ambayo si Kiingereza kabisa, naye huyaogopa. Desturi ya kumpa kila kiumbe jina la maneno mawili ya Kilatini iliimarishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Samaki wawili tuwaonao sana katika masoko ya Mwanza walipata jina lao la pili kwake mwaka 1758: sangara ni "Lates niloticus", na sato aliyeenea sasa ni "Oreochromis niloticus". "Niloticus" ni wa mto Nili. Basi jina lenyewe lakuambia samaki hawa walijulikana kwanza wapi.

Ngege wetu wa zamani ni "Oreochromis esculentus". Muhogo ni "Manihot esculenta". Bamia ni "Abelmoschus esculentus". Gimbi ni "Colocasia esculenta". Mwanafunzi akariripo majina haya manne hupata taabu nne. Lakini "esculentus" maana yake ni wa kuliwa. Basi ufunguo mmoja wafungua milango minne, tena yote ni ya jikoni kwa mama yake.

Na sasa turudi kwa lile neno la binti yetu. "Schisto" ni kupasuka. "Soma" ni mwili. "Iasis" ni hali ya ugonjwa. Mnyoo huyu aliitwa mwili uliopasuka, kwa sababu dume lake lina mfereo mrefu mwilini, na jike hukaa ndani yake. Mmoja wa jamii hii huitwa "haematobium": "haima" ni damu na "bios" ni uhai, yaani aishiye damuni. Tulipomweleza binti hayo alicheka, akasema, "Kumbe soma si kusoma!" Naam, katika Kiyunani "soma" ni mwili, wala haihusiani na kusoma kwetu. Kisha tukamwambia kwamba mafarakano ya Kanisa huitwa "schism", kwa mzizi ule ule wa kupasua. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi Kanisa nalo ni mwili, na laweza kupasuka." Hatukuwa na la kuongeza.

6. Urithi wa Kanisa letu

Wako watu wasemao kwamba Kanisa halina kazi na lugha za kale. Kazi yake ni kuhubiri. Hao wamesahau habari ya matengenezo ya Kanisa. Martin Luther alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani, likachapwa mwaka 1522 kwa Kijerumani cha watu wote. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na kufundisha lugha, akizifananisha na ala inayouhifadhi upanga wa Roho. Mwenzake Filipo Melanchthon alifika Wittenberg mwaka 1518 kuwa mwalimu wa Kiyunani, naye alikuwa kijana wa miaka 21.

Jina la ukoo la Melanchthon lilikuwa Schwartzerdt, yaani ardhi nyeusi kwa Kijerumani, nalo likageuzwa kuwa Kiyunani: "melas" ni nyeusi na "chthon" ni ardhi. Kwa kipande hicho cha kwanza twapata melanini, ile rangi iliyomo katika ngozi na nywele za watu. Mwenye ualbino ni mtu ambaye mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha. Na neno albino latoka katika "albus", nyeupe kwa Kilatini, kama vile kanzu nyeupe ya ibada iitwavyo alba. Hiyo ndiyo siri yote. Katika mikoa hii ya Ziwa ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa kwa ajili ya uongo wa waganga. Laiti kila kijana asomaye neno "melanin" angelielewa, akalieleza nyumbani kwa Kiswahili na Kisukuma! Maana neno lisilofahamika huacha nafasi, na uongo huingia hapo ukaketi.

7. Mambo ya kujihadhari

Kwanza, vipande hufanana pasipo kuwa ndugu. "Ped" ya Kilatini ni mguu, ndiyo maana "pedestrian" ni mtu aendaye kwa miguu. Lakini "paed" ya Kiyunani, ambayo Wamarekani huiandika "ped", ni mtoto. Basi daktari wa watoto ni "paediatrician", wala si daktari wa miguu.

Pili, asili ya neno si sheria ya maana yake. "Octo" ni nane na "decem" ni kumi, walakini Oktoba ni mwezi wa 10 na Desemba ni wa 12, kwa sababu mwaka wa kale wa Warumi ulianza Machi. Maneno huhama kama watu. Mzizi hukuonyesha alikozaliwa. Matumizi hukuonyesha akaako sasa. Kwa hiyo kisia kwanza kwa mzizi, kisha soma sentensi nzima, kisha fungua kamusi.

Tatu, nasi wahubiri tusikilize. Twapenda kusema kwamba "ekklesia" ni walioitwa kutoka nje, kisha twajenga mahubiri yote juu ya kipande cha neno. Lakini katika Matendo 19 umati wa Efeso uliofanya ghasia kwa ajili ya Artemi waitwa kwa neno lilo hilo. Maana yake ni kusanyiko, na lililo takatifu ni Bwana wa kusanyiko. Tena twasikia ikihubiriwa kwamba nguvu ya Warumi 1:16, iitwayo "dunamis", ni baruti, kwa sababu ya neno "dynamite". Alfred Nobel alilitunga neno hilo mwaka 1867, Paulo hakulijua. Wavuvi wa kwetu wajua kazi ya baruti majini: huua wakubwa na wadogo pamoja. Nguvu ya Mungu huokoa. Tusilete Biblia maana iliyozaliwa baada yake.

Nne, mizizi haitoshi peke yake. Maneno madogo ya Kiingereza, kama "get", "put" na "though", hayana mzizi wa Kilatini, nayo ndiyo yashikayo sentensi. Hayo hujifunzwa kwa kusoma, kusikia na kusema kila siku, bila kuogopa kuchekwa.

8. Namna ya kujifunza

Mwanafunzi na awe na daftari moja dogo. Kila ukurasa auchore mistari mitatu iliyosimama, apate nafasi nne: kipande, maana yake, maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa nacho, na maana zake kwa Kiswahili. Kila juma achukue mzizi mmoja tu, na maneno matano. Kila neno alitungie sentensi yake mwenyewe juu ya mambo ya kwao: ziwa, shamba, soko, kanisa. Kwa majuma 40 atakuwa na mizizi 40 na maneno 200, nayo hayatakuwa maneno ya kukariri.

Mwalimu wa kipaimara atoe robo saa kabla ya kuaga. Aandike ubaoni jina moja la Biblia, kama Dekapoli, aulize nani amekutana na ndugu zake shuleni.

Na mzazi asiyejua Kiingereza asiseme kwamba kazi hii haimhusu. Jioni na amwambie mtoto, "Nionyeshe neno refu ulilosoma leo. Lina vipande vingapi? Hiki chasema nini?" Mtoto akishindwa, na apeleke swali lile kwa mwalimu kesho. Mzazi hahitaji kujua jibu ili aulize. Yatosha mtoto ajue kwamba nyumbani kuna mtu atakaye kujua kama amefahamu.

Ndugu, tazameni tena jinsi Filipo alivyofanya. Hakusimama kando ya njia akipaza sauti, wala hakumwambia yule Mkushi akasome zaidi kisha arudi. Alipanda garini, akaketi pamoja naye, akaanzia pale pale alipokuwa akisoma. Watoto wetu wa Buswelu wamo garini, na kitabu ki wazi mikononi mwao. Na tupande tuketi nao.

Bwana awape nuru katika masomo yenu.

Maneno ya kuchambua: "hydrology", "incredible", "subscribe", "theologian", "decalogue". Vipande vyake karibu vyote vimo katika somo hili. Na lile la mwisho, asiyelijua bado, aanze kulitafuta katika sehemu ya kwanza ya Katekisimo Ndogo.